Shangazi nisaidie, mama mkwe anasema hii sio shule ni kukanda chapati

Barua imetoka Tanga, nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, binti miaka 8 na mdogo wake wa kiume miaka 6. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma mpaka Lubumbashi, nyumbani anakaa siku nne tano kwa mwezi. Mwezi wa sita nilimtoa binti shule, alichapwa na mwalimu wa kiume kwa kukosea hesabu za kutoa akaanza kukojoa kitandani. Na mdogo wake nikamwachisha. Nikasema nitawafundisha mwenyewe. Nilidaunilodi silabasi ya nje ya kusomeshea nyumbani, inaenda kwa misimu, kila mwezi na mada yake, nikaprinti kurasa zaidi ya mia. Asubuhi tunafanya kazi za ndani na tunasoma humo humo, mfano juzi chapati, binti anakanda, mdogo wake anasoma vipimo na kuandika. Sasa mada ya mwezi huu wa tisa ni majani kuanguka, ya Desemba theluji, mwanangu kaniuliza mama theluji inafika lini Tanga nikakosa la kusema. Na mama mkwe tunaishi naye, anakaa barazani anawaambia majirani mkwewe kageuza wajukuu mahausigeli. Kampigia mwanawe, na mume wangu aliyekubali kwa mdomo wake sasa anasema tutaongea akirudi. Shangazi nawaharibu wanangu? Niwarudishe shule?"

Marahaba mwanangu. Pole na safari yote hiyo peke yako, maana mume wa siku nne kwa mwezi ni mgeni mwenye ufunguo wa nyumba, usinielewe vibaya, mimi mwenyewe baba watoto alikuwa wa melini naijua hiyo hali.

Tuanze na theluji kwa sababu imenichekesha mpaka nikamwaga chai. Hizo kurasa mia zigeuze, upande wa nyuma ni mweupe, watafanyia hesabu. Yani we upo Tanga, unatoa hela steshenari kuprinti picha za watoto wamevaa makoti wanakusanya majani, afu nje hapo kuna mkungu unageuza majani mekundu kama damu unayadondosha mlangoni kwako na unamwita binti aje afagie! Hilo ndo somo lenyewe. Mbuyu je, kiangazi unabaki mifupa mitupu, mvua ikianza unavaa majani, muulize mtoto kwa nini mti unavua nguo wakati wa jua kali, mwache afikirie hata siku mbili, usimpe jibu la maji haraka. Na theluji mwambie ukweli tu, Tanga haiji, ipo kule juu Kilimanjaro kwenye mita 5,895, akitaka kujua ikoje akwangue ile iliyoganda kwenye friza yenu aione inavyoyeyuka mkononi. Dakika tano, mmemaliza mada ya Desemba.

Maana mwaka wa kwetu hauna vipande vinne vile vya kwenye karatasi, una vya kwake na vinaonekana hata ukiwa umekaa jikoni. Huu upepo wa kusi unaovuma sasa unaishia ishia, miezi michache mbele utageuka kaskazi, na mtoto hahitaji kitabu kuona hilo, anahitaji kamba ya nguo. Kanga inapepea kuelekea wapi leo? Wachore mshale kwenye kalenda kila asubuhi, mshale tu, ikifika Januari wataona wenyewe mishale yote imegeuka, na hapo ndo uwaambie kwamba kwa upepo huo huo majahazi ya Arabuni na India yalikuwa yanakuja pwani hii na kusi likirudi na wao wanarudi kwao. Wakati wa vuli tegesheni kopo lenye kuta zilizonyooka uwanjani, mvua ikikatika mtoto anachomeka rula anasoma milimita ngapi, anaandika. Pipa la maji ya mvua likikaa siku kadhaa utaona viluwiluwi vya mbu vinacheza, wavitie kwenye chupa wazi waifunge na kipande cha chandarua watazame vinavyogeuka, ila nakwambia wewe mama, visizidi wiki na wewe hujaangalia, uvimwage kabla havijaota mabawa humo ndani, na lile pipa lifunikwe, sitaki barua nyingine ya malaria.

Bahari nayo mnayo. Maji kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo leo yakipwa saa nne kesho itakuwa kama saa tano kasoro dakika kumi, keshokutwa je? Hiyo ni hesabu ya saa kuliko ile ya saa ya karatasi yenye mishale ya kugundisha. Bamvua, yani maji yanapojaa na kupwa sana, ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu, yanapocheza kidogo tu, ni katikati, wafuatilie mwezi kwa macho. Au nenda nao sokoni muulizieni bei ya dagaa wakati wa giza na muulizie tena mwezi ukiwa unawaka, wavuvi wa taa wanapenda giza bwana, mbaamwezi dagaa hawafuati taa, mtoto akishaelewa kwamba mwezi wa juu unapandisha bei ya kwenye sinia la chini huyo hutamdanganya tena maishani.

Haya, jikoni. Chapati ni sawa, ila nakupa kitu kitakachokaa mwaka mzima, maandazi. Kwangu mimi Julai kwenye kipupwe unga wa hamira unanikalisha saa mbili, Februari saa moja tu bakuli limeshafurika. Hamira ni kiumbe hai, inakula sukari inatoa hewa, na kwenye baridi inakuwa mvivu kama mimi. Watoto watie hamira, sukari na maji ya vuguvugu kwenye chupa wavalishe puto mdomoni wasubiri, puto litasimama lenyewe na makelele yatafika kwa jirani. Afu kila mkikanda maandazi mwaka huu andikeni tarehe na muda uliotumika. Vipimo vile vile, bakuli lile lile. Ikifika kaskazi mna daftari la msimu mlilolitengeneza wenyewe, halikudaunilodiwa popote.

Na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla! Hapa nimefikiria sana binti yako. Kila asubuhi asome yuniti zilizobaki, zile namba za baada ya nukta aziache kwanza. Jana 43, leo 39, tumekula ngapi? Hizo ni zile zile hesabu za kutoa alizochapiwa mwanangu, ila hapa akikosea hakuna fimbo, anarudi tu kwenye mita kuangalia tena, na kesho kuna nyingine. Mkiwa mmepiga pasi nguo nyingi ataona namba imeruka, atakuja kukuuliza yeye. Usimwambie kwamba haya ndo yale ya shuleni. Nyamaza. Siku moja atagundua mwenyewe kwamba anatoa bila kutetemeka. Kwa kukojoa kitandani usimseme asubuhi mbele ya mdogo wake wala mbele ya bibi, badilisha shuka basi, ila kama bado inaendelea toka mwezi wa sita mpeleke hospitali wampime mkojo pia, isiwe tunasema ni hofu kumbe na maambukizi yapo.

Sasa nisikilize hapa na usinichukie. Kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeuandika ukapita, mimi nimebaki hapo. "Binti anakanda, mdogo wake anasoma vipimo na kuandika." Umeuona? Wa kike mikono kwenye unga, wa kiume kashika penseli! Na huyo wa kike ndo mkubwa, ndo wa miaka 8, ndo aliyefundishwa kusoma kwanza. Najua hukupanga, imekuja tu yenyewe kwa sababu mikono yake ina nguvu zaidi na chapati zinatoka vizuri, ndivyo inavyokujaga siku zote, hakuna anayepanga.

Mimi nimefundisha darasa la pili miaka mingi, na watoto wa kike waliokuwa wanapotea darasani hakuna aliyesema nimeacha shule, walikuwa wanasema mama anaumwa, mdogo wangu hana wa kumshika, nimebaki kusaidia. Wiki moja, wiki mbili, kwisha. Sasa mama mkwe wako, hujanitajia umri, ila nakuuliza, kasoma mpaka darasa la ngapi? Nisibahatishe maisha ya mtu, ila wanawake wengi wa rika lake wametolewa shule kwenda kukanda, kusonga na kulea. Mtu wa namna hiyo akiona mjukuu wa kike kapiga magoti kwenye sinia la unga asubuhi ya Jumanne na wenzake wapo darasani, haoni shule ya kisasa, anaona yale yale. Hilo neno mahausigeli linauma, kulipeleka barazani kakosea, lakini kaona kitu ambacho we hukukiona na kurasa zako mia.

Kwa hiyo kuanzia kesho kijana akande. Chapati zitakuwa ramani ya Afrika, mtakula hivyo hivyo. Binti apime, asome, aandike, agawe chapati 12 kwa watu wanne. Wapokezane, na kijana afue soksi zake pia. Na sheria ya ndani iwe hii, kazi ambayo haina swali ndani yake haiitwi somo, inaitwa kazi, nayo isizidi wanayofanya watoto wengine wote baada ya shule. Kufagia uwanja ni kufagia uwanja. Usinidanganye kwamba ni sayansi.

Halafu nenda kwa mama. Usiende na maneno ya kumsomesha, usiende na simu. Kaa naye mkichambua mchele umuulize habari za miongo. Wazee wengi wa pwani walikuwa wanahesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, 36 na siku tano za juu, wakulima na mabaharia walijua muongo gani upandwe nini na muongo gani usiguse bahari (muongo, sio mwongo, watoto watacheka hapo na waache wacheke). Kama anaijua, hiyo ni hesabu ya makumi iliyokamilika, ipo barazani kwako inakusengenya. Kama haijui atajua vibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, au kusuka ukili, au zile siku kama kumi na moja ambazo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Aombwe yeye kuwaeleza, na binti aandike anachosema bibi. Sisemi ataacha kusema barazani, wengine hawaachagi mpaka wanaingia kaburini, ila itakuwa ngumu kuisema shule ambayo na yeye ni mwalimu.

Swali lako la mwisho sasa, niwarudishe? Ndio. Januari. Najua sio ulichotaka kusikia, nimekupa maandazi na mwezi na bahari afu nakunyang'anya. Lakini Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto akifika umri wa shule ya msingi na ahudhurie, binti yako yupo ndani ya umri huo na mdogo wake yupo mlangoni, na mtihani wa darasa la nne mtoto anafanya akiwa kasajiliwa shule, hafanyii jikoni kwako. Una miezi hii mitatu na ushee ya kumponyesha, itumie. Sikwambii arudi pale pale. Tafuta nyingine, nenda mwenyewe saa za mapumziko usimame getini usikilize, utajua tu, shule yenye fimbo nyingi ina ukimya fulani. Na nenda kwa afisa elimu kata ueleze kilichotokea, kwa utulivu, na tarehe. Kanuni za viboko zipo, ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina. Mwalimu wa kiume kumchapa binti wa miaka 8 kwa sababu kakosea kutoa, ulizia hicho kitabu kipo wapi. Uliza tu. Mimi kwa roho yangu hata hivyo vinne sivitaki, ila ndo kanuni iliyopo unaweza kuisimamia.

Na LUKU, na kopo la mvua, na mishale ya kanga haviishi Januari. Vinahamia jioni na Jumamosi.

Mume akirudi usimpokee na kesi. Mwache alale ile siku ya kwanza, madereva wanarudi wamechoka hata kusikia wanasikia nusu. Siku ya pili mtume binti amletee daftari amsomee baba yake yuniti za wiki nzima, we kaa jikoni. Mpango wa Januari mwambie mwenyewe usiku, kabla mama hajamwambia wa kwake.

Halafu nitumie picha ya chapati za kijana, nataka kuziona.

Shangazi