Kwa Wanaoanza Kumsoma Spinoza

Wengi wenu mtaifungua Ethica, kitabu cha mwanafalsafa Mholanzi Baruch Spinoza kilichochapishwa mwaka 1677 mara baada ya kifo chake, mkitarajia kukutana na mwandishi anayezungumza nanyi, kama mwanafalsafa Mfaransa Descartes anavyozungumza akiwa ameketi karibu na moto na kujiuliza iwapo yumo ndotoni. Badala yake mtakuta fasili 8, misingi 7 inayokubaliwa bila uthibitisho, kisha kauli 36 zilizopangwa kwa namba kama katika kitabu cha jiometri, na hiyo ni sehemu ya kwanza tu kati ya tano. Mimi niliisoma sehemu hiyo mara tatu kuanzia juu kwenda chini, na kila mara niliamini kwamba nimeelewa hadi nilipotakiwa kueleza. Kilichonisaidia hatimaye ni kuisoma kwa kurudi nyuma, na hilo ndilo ninalowashauri mlifanye tangu siku ya kwanza.

Chukueni Kauli ya 14, isemayo kwamba hakuna dhati yoyote, yaani kitu kinachojitegemea katika kuwapo na kufikirika kwake, inayoweza kuwapo wala kufikirika isipokuwa Mungu. Msiikubali na msiikatae. Tazameni kwanza imeegemea wapi. Mtakuta Fasili ya 6, inayomwelezea Mungu kuwa dhati yenye sifa zisizo na idadi (maana ya sifa kwake nitaieleza hapa chini). Mtakuta Kauli ya 11, kwamba Mungu yupo kwa lazima. Na mtakuta Kauli ya 5, kwamba haziwezi kuwapo dhati mbili zenye sifa moja. Ikiwa sifa zote ni za Mungu, dhati ya pili ingelazimika kuwa na sifa ambayo tayari ni yake, na Kauli ya 5 imekwisha kulizuia jambo hilo. Andikeni mnyororo huo kwenye daftari, kauli juu na tegemeo zake chini, kisha mteremke hadi kwenye hiyo Kauli ya 5, kwa sababu ndiyo nguzo iliyobeba paa.

Hapo kaeni siku kadhaa. Spinoza anasema kwamba vitu viwili hutofautiana ama kwa sifa zao ama kwa hali zao, yaani namna mbalimbali ambazo dhati hujitokeza. Dhati mbili zikitofautiana kwa sifa, basi hazina sifa moja, na shauri limekwisha. Zikitofautiana kwa hali tu, anatukumbusha kwamba dhati hutangulia hali zake, kwa hiyo tukiziweka hali kando na kuitazama dhati yenyewe, hatubaki na chochote cha kuitenga moja na nyingine. Uthibitisho huo ni mfupi kiasi kwamba jicho huupita bila kusimama. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, alisimama, akauliza kwa nini dhati mbili zisishiriki sifa moja huku kila moja ikiwa na sifa nyingine ya kwake peke yake. Jaribuni kumjibu kwa maandishi kabla ya kusoma ufafanuzi wa mtu yeyote; ukurasa huo mmoja mtakaouandika utawafaa kuliko muhtasari kumi.

Kuhusu istilahi, Kiswahili kimetupatia akiba nzuri. Aliyekulia karibu na darasa la dini amekwisha kusikia watu wakijadili dhati na sifa za Mwenyezi Mungu, na maneno hayo mawili, pamoja na hali, yanabeba vizuri kile ambacho Spinoza alikiandika kwa Kilatini. Hata hivyo, kila mnapoyatumia rudini kwenye fasili. Sifa kwake haina uhusiano na kusifiwa. Ni kile ambacho akili hukitambua kuwa ndicho kinachoijenga dhati, na sisi wanadamu tunazijua mbili tu, yaani fikra na mweneo, huu wa pili ukiwa ni ule urefu, upana na kina wa vitu.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye sarufi yetu. Neno Mungu huingia katika ngeli ya A-WA, hivyo kila sentensi tunayoandika inasema anataka, ameamua, anapanga, na taratibu tunakuwa tumemrudisha mtu mwenye utashi ambaye Spinoza amemwondoa waziwazi katika maelezo yanayofuata Kauli ya 17. Kwake, vitu vyote hutokana na Mungu kwa ulazima uleule ambao kwao pembe tatu za pembetatu zinajumlika kuwa nyuzi 180. Vivyo hivyo, ule usemi wake maarufu ulioko katika sehemu ya nne msiutafsiri kuwa "Mungu au Maumbile", kana kwamba msomaji anapewa achague. Andikeni "Mungu, yaani Maumbile", kwa kuwa kinachotajwa ni kimoja.

Maisha yake yaacheni kwa sasa. Kutengwa kwake na jumuiya ya Kiyahudi ya Amsterdam mwaka 1656 na kazi yake ya kusugua lenzi ni mambo yanayogusa moyo, lakini nimeona wanafunzi wakijaza kurasa nzima kwa hayo bila kuigusa hoja hata moja.

Mkimaliza kauli 36, msiruke Kiambatisho kilicho mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Humo jiwe linaanguka kutoka paani na kumuua mpita njia. Ukisema upepo ulivuma, watu wanauliza kwa nini ulivuma saa hiyo. Ukisema bahari ilikuwa imechafuka tangu jana yake na mtu yule alikuwa amealikwa na rafiki, wanauliza kwa nini bahari ilichafuka na kwa nini alialikwa wakati ule, mpaka ukimbilie mapenzi ya Mungu, ambayo hapo Spinoza anayaita kimbilio la ujinga. Isomeni aya hiyo kwa sauti, kwa sababu inaonyesha ni nini hasa anachokikataa: hakatai kwamba jiwe lina sababu, bali anakataa kwamba lilikuwa na kusudi. Mkiwa na tofauti hiyo mkononi, fungueni sehemu ya pili moja kwa moja kwenye Kauli ya 7, kwamba mpangilio na mfuatano wa mawazo ni uleule wa mpangilio na mfuatano wa vitu, na mwanze tena kuteremka.