Babu hajarudi tangu vita vya Kagera: sisi Ifunda tulifanya hivi

Mkuu, poleni sana. Umeuliza kama ukoo wenu huko Njombe uweke msiba wa babu aliyekwenda vitani 1978, wakati bibi hataki hata kulisikia jambo hilo. Na sisi yalitukuta hapa Ifunda kwa baba yangu mkubwa. Alikuwa mgambo, akaondoka na wenzake muda mfupi baada ya Mwalimu kutangaza tarehe 2 Novemba kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo.

Barua yake ya mwisho ilitoka Bukoba. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, vijana wakaanza kurejea, yeye kimya. Hakuna taarifa ya kifo, hakuna aliyeshuhudia. Kilichotutesa zaidi ni uvumi. Huyu anasema kaonekana Masaka, Uganda, kaoa huko. Yule anasema yuko hospitali, kapoteza kumbukumbu. Kila uvumi ulipokuja, kikao cha ukoo kiliahirishwa, na mama mkubwa akabaki si mke si mjane, analima shamba ambalo shemeji zake wanasema si lake.

Hilo linaniuma mpaka leo. Wazee walibishana miaka na miaka kuhusu heshima ya aliyepotea, na aliyeachwa hakuulizwa neno. Na sheria ilikuwepo: Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtu asiposikika kwa miaka 5 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amefariki, mpaka ithibitike vinginevyo.

Aliyetufungua ni mzee mmoja wa Mufindi aliyekuwa naye brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo. Alisimulia usiku wa tarehe 10 Machi pale Lukaya, Uganda, kwenye barabara inayokatiza kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walivurumisha makombora, watu wakatawanyika majini gizani. Kesho yake brigedi ya 208 ikazunguka na kumpiga adui, lakini baba mkubwa hakuonekana tena. Mzee hakusema amekufa. Alisema, "Nilimwita, hakuitika."

Mama mkubwa ndiye aliyeamua baada ya hapo. Tukasoma ibada, tukaanua matanga bila kaburi. Baadhi ya binamu zangu bado wanaamini yu hai, na hatuwabishii.

Kwenu, tafuteni namba yake ya jeshi kwenye barua au karatasi yoyote ya zamani, kisha muende kwa mshauri wa mgambo wa wilaya na kwa wanajeshi wastaafu. Waliokuwa na miaka 20 wakati ule sasa wanakaribia 70, kwa hiyo hao msichelewe kuwatafuta. Ulizeni pia kuhusu makaburi ya mashujaa ya Kaboya, Muleba. Bibi msimlazimishe msiba. Lakini suala la shamba lisisubiri: kaeni naye, mumuulize anataka liandikwe vipi, na wajomba wasikilize.