Kwa Askari Mpya Mwenye Dini na Familia

Vijana mnaotoka depo Moshi, shule ya polisi, na viatu vinavyong'aa, nilivaa sare kwa miaka 31, na kwa mingi ya miaka hiyo nilikuwa pia mzee wa kanisa. Niliyojifunza kuhusu dini na kazi hii sikuyapata kwenye gwaride wala, kusema kweli, kwenye mahubiri. Niliyapata kaunta, usiku.

Mama anaingia saa nane za usiku, noti amezifunga kwenye pindo la kanga, na anaanza kulifungua fundo kabla hujamsalimu, kwa sababu mtaani ameshaambiwa kwamba mwanawe hatoki bila chai. Nyuma yako, ukutani, pana tangazo kwamba dhamana ni bure. Lisome kwa sauti, akusikie kila aliyepo, kisha mwambie afunge fundo lake.

Mimi sikuangushwa na noti, niliangushwa na kalamu. Nikiwa bado konstebo, mkubwa wangu wa zamu aliniagiza niandike kwenye kitabu cha matukio kwamba mtuhumiwa alifikishwa kituoni asubuhi, ilhali alikuwa mahabusu tangu jioni, ili zile saa 24 za sheria za kumfikisha mahakamani zianze kuhesabiwa upya. Niliandika. Jumapili iliyofuata niliimba sauti ya nne kwenye kwaya kama kawaida, ila nilikuwa nafungua mdomo tu. Tangu hapo nilishika desturi ya kuandika saa halisi papo hapo, kwa wino, kabla sijapokea maelekezo ya mtu, kwani saa ikishaingia kitabuni hata mkubwa huona tabu kukuomba uifute.

Dini yako isivuke kaunta kwenda mahabusu. Ibara ya 19 ya Katiba inakulinda wewe unayeabudu, na inamlinda vilevile aliye nyuma ya nondo. Mtu asiyeweza kuondoka hahubiriwi.

Kuhusu sikukuu, wenzangu Waislamu walinishikia mkesha wa Krismasi nami nikawashikia Idi, ingawa Idi husubiri mwezi uandame na orodha ya zamu haisubiri. Mabadilishano hayo yapitie kwa mkuu wa kituo na yaandikwe, maana likitokea tukio lindoni, anayetafutwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye orodha.

Nyumbani ndiko nilikochelewa kujifunza. Siku moja nilimwuliza mwanangu wa miaka saba ni nani aliyevunja kikombe, akabana visigino, akanyoosha mikono ubavuni na kujibu, "Ni mimi, afande." Mke wangu alicheka, kisha akanyamaza, na ukimya ule niliuelewa. Kuanzia wiki ile, kila nilipotoka zamu nilikaa kwanza kwenye bomba la uani pale kota, nikavua buti, nikanawa uso na kusali kimya, nikaingia ndani nikiwa na kandambili. Uhamisho ulipokuja, nao ulikuja mara tano, nilimwambia mke wangu siku ileile, kabla ya rafiki yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na genge la kufunga, madeni ya kukusanya na watoto wa kuwatafutia shule mpya. Mara ya tatu alikataa kuhama katikati ya muhula. Nilitangulia peke yangu, nikakaa miezi minne nikijipikia ugali, na alikuwa sahihi.