Dada, usimpelekee fundi hiyo laptopu kabla hujawasha hotspoti ya simu

Simama hapo hapo ulipo. Kesho usiende mjini. Na kama ulishamtumia huyo fundi kianzio, mwambie shughuli imeahirishwa. Akikataa kurudisha, mwachie, bado utakuwa umetoka na nafuu.

Kwa wanaoingia sasa: dada huyu yuko Nakuru, kwenye maghorofa ya Free Area. Kaka yake amemletea laptopu mpya kutoka Marekani. Simu yake inaona waifai ya nyumbani, runinga inaiona, laptopu haiioni kabisa ingawa inaorodhesha za majirani. Fundi amemwambia umeme wetu wa volti 240 umechoma kadi ya waifai iliyozoea umeme wa Marekani, kwa hiyo ailete ipigwe fomati (ifutwe yote, iwekwe Windows upya) na kubadilishwa kadi, shilingi 6,500. Ameuliza pia kama GB 8 zinatosha kwa kazi ya uhasibu, na kama anunue kile kifaa cha kusukuma waifai hadi chumba cha kulala. Hayo tuyaache kwa leo.

Hiyo hadithi ya umeme ndiyo iliyonitoa kitandani, maana na mimi niliuziwa hiyo hiyo, neno kwa neno, hapa Kisumu. Nadhani kuna mahali wanafundishwa. Chukua chaja yako, igeuze, umulike yale maandishi madogo kwa tochi ya simu. Utakuta INPUT 100-240V. Maana yake chaja inakula umeme wa kwao na wa kwetu bila kubagua, na inachopeleka kwenye laptopu kwa kawaida ni volti 19 au 20 tu, uwe Boston au Bondo. Kadi ya waifai haijawahi kuonana na volti 240. Cha Marekani kisichoingia ukutani kwetu ni ile plagi ya miguu miwili bapa, na hiyo dawa yake ni adapta ya dukani.

Halafu wewe mwenyewe umeandika kwamba laptopu inaona waifai za majirani. Kadi iliyoungua inaonaje za majirani? Imeungua kwa ubaguzi?

Haya, sikiliza yaliyonikuta. Laptopu yangu ililetwa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Marekani. Mpya, bado ina ile nailoni juu ya kioo. Naishi Migosi, ghorofa ambayo kila mlango una ruta yake. Nikaiwasha, ikaniorodheshea jengo zima, mpaka ya jirani wa juu aliyeibandika jina "Nunua Yako". Yangu haipo. Nimeweka laptopu juu ya ruta kabisa, haipo.

Nikapiga simu kwa kampuni ya intaneti. Binti wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa adabu sana, akasema upande wao mtandao uko sawa, nizime ruta nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nikafanya hivyo, na waifai ikaonekana! Nikamshukuru kama aliyenifufulia mtu. Usiku stima ikapotea, ilivyorudi laptopu ikawa kipofu tena. Mwenye akili timamu hapo angejiuliza, kadi iliyoungua inaponaje kwa kuzima ruta? Mimi nilijiuliza nani fundi mzuri mjini.

Fundi akafungua kifuniko cha chini, skrubu akazitia kwenye kizibo cha soda. Akanionyesha kadi yenyewe, kidude kisichozidi stempu ya posta, kimechomekwa nyaya mbili nyembamba, moja nyeusi moja nyeupe. "Unaona hapo ilivyobadilika rangi?" Nikaona. Wallahi niliona. Ukishaambiwa na mtu aliyevaa miwani ya kukuza kwamba kitu kimeungua, macho yako yanamsaidia.

Akasema tuanze na fomati, huenda ni Windows. Hakuuliza kama kuna kitu ndani. Nami sikusema, laptopu mpya ina nini? Ilikuwa na daftari la chama cha mama watoto. Yeye ndiye mweka hazina. Michango, mikopo, faini za kuchelewa, nani ameshapokea na nani anangoja zamu, yote nilikuwa nimeyahamishia humo. Ile kompyuta ya zamani nikampa mpwa wangu aliyekuwa anaingia chuo, naye akaisafisha yote apate nafasi ya michezo yake. Kwa hiyo nakala ilikuwa moja duniani, na ilikuwa mezani kwa yule bwana, na yule bwana alikuwa anabonyeza Delete kwenye kila kigawanyo cha diski, pamoja na kile cha kiwandani cha kurudishia mfumo, huku akiniuliza Gor watacheza lini.

Mke wangu alikaa na akina mama wenzake sebuleni kwetu kujenga hesabu upya kwa taarifa za M-Pesa na kumbukumbu. Kila mmoja alikumbuka alichotoa. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka alichokopa. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba, na mpaka leo kuna mama mmoja tukikutana Kibuye sokoni ananiita "Bwana Fomati".

Lakini ngoja, hapo bado. Windows iliyotoka kiwandani huja na draiva zake zote, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha kuongea na vifaa vya ndani kama kadi ya waifai. Ya fundi ilitoka kwenye flashi, ya wizi, na ili kuitia uhai ilibidi kwanza tuzime kinga ya virusi. (Ukisikia mtu anakwambia zima kinga kwanza, beba laptopu yako uondoke, hata kama skrubu ziko kwenye kizibo.) Hiyo Windows haikuwa na draiva ya kadi yangu. Kwa hiyo laptopu iliyoingia mle ikiona jengo zima isipokuwa mimi, sasa haioni hata kuta. Fundi akageuka, amepata ushindi: "Si nilikwambia kadi imekufa?"

Akaniuzia kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB. Nikafika nyumbani, nikachomeka, waifai yangu hiyo hapo! Ushahidi umekamilika, fundi ni mkweli, Marekani wanatengeneza takataka. Kadi nzima, isiyo na kasoro, alibaki nayo yeye. Na skrubu moja pia, maana mpaka leo ukiweka kiganja upande wa kushoto laptopu inalia kwi.

Ukweli ulikuja baadaye, mgeni aliponitembelea na laptopu yake, nayo ya kutoka Marekani. Haikuona waifai yangu. Laptopu mbili, umeme ule ule umezichoma mahali pale pale? Ndipo nikapakua kwenye simu programu ya kuchunguza waifai, ile inayochora kila mtandao na chaneli yake. Majirani wote wamebanana kwenye 1, 6 na 11. Mimi niko peke yangu pembeni kabisa, chaneli 13.

Na hilo ndilo nashuku liko kwako. Waifai ni redio, na ile ya masafa ya 2.4 GHz imegawanywa kwa chaneli, yaani njia ndogo zenye nambari. Huku kwetu, Ulaya na China ruta hutumia 1 hadi 13. Marekani watengenezaji huishia 11, kwa hiyo kadi nyingi zinazouzwa soko la kule hazisikilizi kabisa 12 na 13. Ruta ikiwa huko, kwa kadi hiyo ni kama haijawashwa. Simu na runinga ulizonunua hapa zinaiona bila shida. Ruta nyingi huwekwa "Auto", zijichagulie chaneli yenye watu wachache, na kwenye ghorofa lililojaa ruta baadhi hukimbilia 12 au 13. Tena kila stima ikipotea na kurudi huenda zikachagua upya. Ndiyo maana siku nyingine inaonekana, siku nyingine haionekani, nawe unadhani ni mapepo. Kile kidude changu cha USB kilitengenezwa kwa soko la China, kikaiona 13 bila taabu, na fundi akapata sifa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sitaki kusikia kingine: HOTSPOTI KABLA YA BISIBISI. Chukua simu, washa hotspoti (simu igawe intaneti yake kama ruta), kwenye mipangilio yake chagua 2.4 GHz, weka simu kando ya laptopu. Laptopu ikiiona, unganisha, fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, laptopu yako ni nzima: kadi nzima, draiva inafanya kazi, Windows nzima. Mgonjwa ni ruta au makubaliano kati ya ruta na laptopu, na hakuna fundi duniani anayetibu ruta kwa kufomati laptopu. Bando la hiyo kazi halifiki bei ya mandazi.

Ikishapita hapo, nenda kwenye ruta. Simu yako iko kwenye waifai ya nyumbani, kwa hiyo tumia hiyo. Pindua ruta uone kibandiko: kuna anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, na jina na nywila ya kuingilia, ambayo si lazima iwe ile ya waifai. Andika anwani kwenye kivinjari, ingia, tafuta palipoandikwa WLAN au Wireless, sehemu ya 2.4 GHz. Pale kwenye Channel toa "Auto", weka 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wako wachache. Upana wa chaneli weka 20 MHz. Hifadhi. Ruta itanyamaza kidogo, runinga itakatika, watoto watapiga kelele, kisha laptopu itaiona.

Ukikuta ruta tayari iko kwenye 1 au 6 na bado haionekani, angalia kama ile 2.4 imezimwa yakabaki yale masafa mengine ya waifai, 5 GHz, peke yake. Laptopu za bei ya chini nyingine zina kadi ya 2.4 tu. Kwenye laptopu fungua Command Prompt, andika netsh wlan show drivers, usome mstari wa "Radio types supported", unaotaja aina za waifai ambazo kadi inazijua: ukiona 802.11ac au 802.11ax, ya 5 inaisikia. Ukiona b, g na n peke yake, huenda haisikii, washa 2.4 kwenye ruta. Na kama ruta ni mpya ya Wi-Fi 6 (ndiyo hiyo 802.11ax) na kadi ni ya zamani kidogo, kuna draiva za zamani, za Intel zikiwemo, ambazo haziuoni mtandao wa namna hiyo mpaka uzisasishe. (Lile jina la waifai lenye "5G" mwishoni ni hii 5 GHz, si 5G ya simu. Shemeji yangu anatamba nayo mtaa mzima, nimeshindwa kumwambia.)

Wale ambao laptopu haioni chochote, hata hotspoti, yenu ni njia nyingine na nitapita haraka. Angalia hali ya ndegeni, na ile kitufe ya juu yenye alama ya mnara, mara nyingine hubonyezwa pamoja na Fn. Zima laptopu, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, washa tena. Kisha Device Manager, chini ya Network adapters: kama jina la kadi halipo au lina alama ya njano, ni draiva. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, laptopu itapata intaneti kupitia waya, uchukue draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Kwenye tovuti yake, si kwenye zile programu za "tutakutafutia draiva zote bure". Ni baada ya hayo yote kushindikana ndipo unamtafuta fundi, tena ukae hapo hapo ukimtazama, na vitu vyako viwe vimenakiliwa kwenye flashi iliyo mfukoni mwako wewe.

Na mafundi mlio humu msinirushie mawe, najua wapo waaminifu, nawajua kwa majina. Ninayemlalamikia anajijua. Kadi yangu anayo.

Dada, hotspoti sasa hivi, kisha andika hapa ruta imeonyesha chaneli gani. Ikikataa nywila ya kwenye kibandiko, piga picha ya ule ukurasa wa kuingilia, ufunike nambari za siri, uiweke hapa, kuna jamaa humu anazijua hizo ruta kuliko mimi.