Maziwa Yakinisokota Tumbo, Prebiotiki Zitanifaa?

SWALI: Nikinywa maziwa, baada ya saa moja hivi tumbo hunguruma, hujaa gesi, kisha naharisha. Nimeshauriwa nitumie prebiotiki. Ni dawa gani hizo?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Si dawa. Ni nyuzi za chakula zisizomeng'enywa. Hufika utumbo mpana zikalisha bakteria wanaoweza kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Mwili wako hautaanza upya kutengeneza laktasi, kimeng'enya cha kuvunja laktosi kilichopungua. Kazi ni ya bakteria hao, nao huchukua wiki kadhaa kuzoea.

Prebiotiki zimo kwenye kunde, maharagwe, vitunguu na saumu. Anza na vijiko viwili vya maharagwe kwa siku, uongeze kila baada ya siku nne. Ukijaza sahani siku ya kwanza, gesi itazidi na utalaumu maziwa bure. Kuloweka usiku na kumwaga maji hupunguza gesi, ingawa sehemu ya prebiotiki nayo humwagika.

Maziwa matupu, mililita 250, yana laktosi gramu 12 hivi. Chai ya nusu kwa nusu, gramu 6. Kuchemsha hakuiondoi. Jaribu robo kikombe cha mala pamoja na ugali, si tumbo likiwa tupu.

Ukiona damu chooni au ukikonda, nenda hospitali kwanza.