Kimashine cha espreso kinachovuja: usikimbilie kubadilisha mpira

Vimashine vya espreso vya kupampu kwa mkono siku hizi vinafika mezani kwetu, hasa huku Moshi na Arusha, ambako waongoza watalii huvibeba mlimani na porini, au huachiwa na wageni wanaoondoka. Malalamiko ni yaleyale: "Fundi, kinavuja, nibadilishie mpira." Wewe unayeanza kazi hii, pokea lalamiko, lakini hilo la mpira liweke kando kwanza. Mteja amekuja na uhakika wa jambo moja tu, kwamba kinavuja. Sababu utaitafuta wewe, na mara nyingi utakuta mpira hauna kosa lolote.

Anza kwa kuelewa presha iliyomo humo ndani. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 hadi 35. Espreso inahitaji bar 9 hivi, yaani karibu psi 130, na kuna vimashine kama Nanopresso ambavyo watengenezaji wake wanasema vinafika bar 18. Sasa piga hesabu: kichujio chenye mdomo wa milimita 35, kwa bar 9, kinasukuma kifuniko chake kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 88 hivi. Mzigo huo unabebwa na thredi za plastiki, na kinachozuia maji yasipenye ni mpira wenye unene wa milimita mbili au tatu. Ukilijua hilo hutashangaa kwamba punje moja ya kahawa iliyokaa chini ya mpira inatosha kumwagia mtu maji ya moto mkononi.

Kabla hujafungua chochote, tafuta maji yanatokea wapi. Kausha kimashine chote kwa kitambaa, weka maji ya baridi kwenye tangi, na kwenye kichujio weka kahawa iliyokwisha kutumika. Ukipampu bila kahawa presha haipandi, na bila presha uvujaji mwingi haujitokezi. Zungushia tishu kwenye kila kiungo, kisha pampu polepole ukiangalia tishu ipi inalowa kwanza. Maji ya baridi ni kwa usalama wako. Ya moto yatakuja mwishoni, ukishajua unashughulika na nini.

Halafu angalia rangi. Maji meupe yanayotoka pembeni yametoka kabla ya kuigusa kahawa, kwa hiyo mshukiwa ni kiungo cha tangi au mpira wa pistoni. Yakiwa ya kahawia, yamepita kwenye kahawa au yameigusa, basi nenda kwenye mdomo wa kichujio na kifuniko chake. Na kama nje ni kukavu kabisa ila pampu imekuwa laini, unabonyeza na husikii upinzani, maji yanarudi yalikotoka: hapo mara nyingi ni valvu ya njia moja iliyokwama wazi kwa uchafu au chokaa. Kipimo hiki cha rangi hakigharimu kitu, na kitakuokoa usifungue upande usiohusika.

Kwa uvujaji wa kahawia, muulize mteja anatumia kahawa gani na anajazaje. Vingi vya vimashine hivi vimetengenezwa kwa gramu 8 za kahawa. Mtu anayependa kahawa kali hujaza kumi au zaidi na kushindilia, kifuniko kinakaa juu ya kahawa badala ya kukaa juu ya mpira, naye anakikaza akidhani kimefunga. Mwingine amesaga kahawa mpaka imekuwa kama unga wa ngano. Maji hayapati njia katikati, presha inapanda, yanatafuta pembeni. Hawa wawili hata ukiwawekea mpira mpya kila mwezi watarudi, na watakwambia umewawekea mpira feki. Waonyeshe hapohapo mezani: futa ukingo wa kichujio kwa kidole, punguza kahawa, pampu tena.

(Kuna na yule anayelalamika kwamba kahawa anayotengeneza kambini Kibo, kule juu Kilimanjaro, ni chachu. Hiyo haihusu mpira wala pampu. Pale karibu mita 4,700 maji huchemka kwenye nyuzi 84 hivi za Selsiasi, na kahawa haitoki vizuri kwa maji ya joto hilo. Mpe pole tu.)

Ukishaondoa hayo yote na bado kinavuja, sasa fungua. Hakikisha kwanza presha imeisha. Kimashine kilichoziba kwa kahawa laini kinaweza kubaki na presha ndani hata baada ya kuacha kupampu, na ukilegeza kifuniko ghafla kitarusha maji na machicha usoni. Kiache kitulie, kisha legeza taratibu ukiwa umekielekeza mbali na uso wako, na wa mteja pia.

Oringi, yaani huo mpira wa duara wenyewe, usiitoe kwa sindano, kisu wala ncha ya bisibisi. Ibane kwa vidole viwili mpaka inyanyuke kidogo mahali pamoja, kisha ichukue kwa kijiti cha meno. Mkwaruzo kwenye mfereji wa plastiki ambamo mpira hukaa hautibiki, na maji yatapita hapo hata kwa mpira mpya. Hili naliona ndilo linalotofautisha fundi na mtu mwenye bisibisi.

Mpira wenyewe una habari ya kukupa. Ukiwa bapa upande mmoja, umekaa umebanwa muda mrefu na joto, hauna tena uwezo wa kujirudisha. Ukiwa mgumu wenye nyufa ndogondogo, umezeeka. Ukiwa na mkato, kagua thredi na ukingo, kuna kitu kinaukata. Ukiwa umevimba na unanata, uliza umepakwa nini. Jibu huwa ni vaselini au mafuta ya kupikia. Vaselini inatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na mpira wa EPDM, ambao hutumika sana kwenye vifaa vya maji ya moto, haupatani kabisa na mafuta ya aina hiyo. Mafuta ya kupikia nayo huchacha na kugeuka gundi. Mahali pa kusugua kama pistoni tumia grisi ya silikoni ya kiwango cha chakula, kiasi cha kung'arisha tu. Na kama mpira wenyewe ni wa silikoni, uloweshe kwa maji basi, maana mafuta ya silikoni yanaweza kuuvimbisha.

Kipimo ndicho kinachowapoteza wengi. Fundi mpya anachukua mpira wa zamani, anaupima kwa venia, kile kipimo cha taya cha kupimia unene, anaenda dukani na namba aliyoipata. Lakini mpira ule umeshabanwa miaka, hauna tena unene wake. Uliokuwa 2.62, ambao ni unene wa kawaida katika vipimo vya Kimarekani, unaweza kukusomea 2.4. Na 2.4 nayo ipo dukani, ni ya vipimo vya Kijapani, kwa hiyo muuzaji atakupa bila kusita na wewe utaondoka umeridhika. Pima mfereji. Tuseme kina chake, pamoja na mwanya uliopo mpaka ukuta wa pili, ni milimita 2.1. Mpira wa 2.62 utabanwa karibu asilimia 20, ambacho ni kiasi kizuri kwa kiungo kisichotembea. Wa 2.4 utabanwa asilimia 12 na nusu tu. Leo utafunga, baada ya siku chache utaanza kutoa jasho. Kwa kipenyo, mpira uvutike kidogo tu kuingia mahali pake. Ukilazimika kuuvuta sana unakuwa mwembamba, na hesabu yote ya unene imeharibika.

Dukani kuna mtego mwingine. Maduka ya spea za magari yamejaa oringi za kila kipimo, na utapata inayoingia vizuri kabisa. Nyingi ni za nitrile, zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta na dizeli. Kazi ya kuziba zitaifanya. Lakini mteja anakunywa maji yaliyopita hapo yakiwa ya moto, na mpira usiothibitishwa kwa chakula usiuweke, hata kama mteja mwenyewe anakwambia weka tu. Uliza silikoni au EPDM ya kiwango cha chakula. Usipopata, bora asubiri seti ya mtengenezaji iagizwe.

Wakati kimefunguliwa, kisafishe. Ukoga mweupe wa maji ya kisima huisha kwa ndimu ya unga, kijiko cha chai kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu, nusu saa, kisha suuza vizuri. Sehemu za aluminiamu usizirowekee humo. Valvu ya njia moja isukutue kwa maji bila kuichokonoa.

Kurudisha: thredi ziwe kavu na safi. Zungusha kifuniko kinyumenyume kwanza mpaka usikie kimedondoka kwenye thredi, ndipo ukaze, la sivyo thredi za plastiki zitapandana na kuharibika, na kazi imekufa. Kaza kwa mkono, koleo kaa nayo mbali. Rudia jaribio la tishu kwa maji ya baridi, halafu la moto, kwa sababu plastiki hutanuka na kiungo kilichofunga kwenye baridi huweza kufunguka kwenye joto.

Bei ipange kabla ya kufungua. Mteja akiona kimpira cha shilingi mia kadhaa atauliza kwa nini umemtoza zaidi ya hapo, na swali lake lina haki. Mwambie mapema kwamba unatoza uchunguzi, hata kama tatizo litakuwa kahawa iliyosagwa laini mno. Mpira wa zamani mrudishie kwenye kifuko. Mwambie pia akihifadhi kimashine asikikaze mpaka mwisho, mpira upumzike.

Na ukikuta ufa kwenye mfereji au kwenye shingo yenye thredi, usipake gundi, usifunge waya, usiongeze mpira wa pili. Kitu chenye bar 9 na maji ya karibu kuchemka kinashikwa viganjani. Mwoneshe mteja ufa, mrudishie kimashine kikiwa kimefunguliwa, na umtoze uchunguzi tu.