Mdau Uliza: Hornet ya mtumba na ile mota anayokushauri rafiki

Wadau habarini za huko mliko. Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya gari za rimoti, na sio zile za watoto unanunua leo kesho imekufa, hizi ni zile kubwa za zamani zinazofunguliwa skrubu kwa skrubu. Naona mzigo wa mitumba kutoka Japani umeshuka na watu wamekuta vitu. Nimechagua machache, yale marefu nimeyakata mnisamehe.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Ngamiani hapa hapa Tanga. Nimepata Tamiya Hornet, gari la rimoti la kampuni ya Kijapani, kwenye fungu la vyombo vya mtumba, muuzaji alijua ni toi la kawaida akaniachia kwa bei ya kutupa. Haina rimoti, kwenye plastiki imeandikwa 1984 na pale pa betri pana unga wa kijani na mweupe. Rafiki yangu anasema nitoe kila kitu niweke mota ya brashilesi (isiyo na brashi za kaboni) na betri ya lipo (lithiamu polima) ipae kabisa. Nianzie wapi? (Kijana wa Ngamiani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo rafiki mwambie atulie kwanza.

Kwanza hongera, umepata kitu. Hornet ilitoka kweli 1984, mwaka mmoja na ndugu yake Grasshopper, tofauti ni kwamba Grasshopper ilikuja na mota ndogo ya 380 na Hornet ikapewa 540, hizo namba ni saizi za mota. Ila huo mwaka kwenye plastiki peke yake usiutegemee sana ukaanza kumtangazia mtu bei, maana Tamiya waliirudisha tena sokoni 2004, na maandishi ya kwenye plastiki hayakwambii kipande kimetoka kiwandani lini. Kwa kuitengeneza haijalishi, ila kwa kuuza inajalisha sana, kwa hiyo chochote utakachotoa humo usitupe, hata kama kimevunjika, weka kwenye mfuko andika jina.

Sasa hilo la brashilesi. Gari hii nguvu yake inatembea kwa foleni, inatoka kwenye betri inapita kwenye plagi, waya, kontrola (inayopima umeme wa kwenda kwenye mota), mota, gia, mpaka ekseli na tairi. Hiyo foleni yote ilipigiwa hesabu ya 540 ya brashi na betri ya volti 7.2. Ukiweka mota yenye nguvu mara mbili hujaongeza kasi, umehamisha tu mahali pa kuvunjika, kesho utakula meno ya gia, ukipata gia itajipinda ekseli, na ukishamaliza yote hayo gari yenyewe mbele ni nyepesi itakuwa inainua pua na kupinduka tu. Watu wanasema ni kipuri feki, kumbe kipuri hakina kosa.

Mimi nakwambia irudishe itembee kama ilivyokuwa kwanza, halafu ndo uiboreshe kitu kimoja kimoja, ili ikisumbua ujue umegusa nini.

Anza na huo unga. Ni betri zimevuja, na betri nyingi za aina hiyo zikivuja zinatoa kitu cha alkali, ndo maana dawa yake ni siki nyeupe ya jikoni, chovya mswaki mkuukuu, sugua taratibu, utaona inatoa mapovu kidogo, futa, halafu pitisha spiriti ikaushe. Usivute pumzi huo unga, na mikono osha. Kama ukucha wa shaba umeliwa mpaka umekuwa mwembamba usihangaike nao, lehemu waya mpya. Na vua ganda la waya kidogo uangalie ndani, ukikuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi au kijani katilia mbali huo waya, huko ndani hauponi.

Halafu shika tairi ya nyuma uzungushe kwa mkono. Ukisikia inakwama au inakwaruza fungua giaboksi. Grisi ya miaka mingi inaganda kama nta, na kuna mchanga umejichanganya humo, ikwangue yote, osha gia kwa maji na sabuni ya vyombo, kausha, angalia meno moja moja kwenye mwanga, weka grisi nyepesi na usijaze, ikizidi nayo ni mzigo.

Mota ijaribu nje ya gari, na ishikilie vizuri maana inaruka ikiwashwa. Ikizunguka kwa sauti laini tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande pale shafti inapopita, basi. Ikitoa cheche nyingi na harufu, 540 ya bati ya kawaida haifunguliwi kubadilishwa brashi, tafuta nyingine, sio ghali.

Maboresho ninayoyakubali bila ubishi ni mawili. La kwanza kontrola. Hizi za zamani sevo (kimota kidogo kinachotii rimoti) inasukuma kidole cha shaba kwenye vituo vya spidi, na spidi ndogo inapatikana kwa kupitisha umeme kwenye resista inayogeuza nguvu kuwa joto, yaani unapoenda pole pole betri inaisha vile vile na resista inaunguza kidole. Weka kontrola ya elektroniki ya brashi, utaona gari linaondoka taratibu unavyotaka wewe. Na hiyo hiyo inalisha risiva (kipokea ishara za rimoti) na sevo, zile betri nne ndogo za pembeni hazihitajiki tena.

La pili ni beringi. Gari nyingi za enzi hizo zilitoka na bushi za plastiki au shaba, ukiweka beringi za golori gari linateleza, mota haipati moto na betri inakaa zaidi. Saizi inayojirudia sana kwenye Tamiya wanaiita 1150, yaani nje milimita 11, ndani 5, unene 4, ila pima kila tundu kwa kalipa kabla hujaagiza, usije ukaniletea lawama. Na hapo mjini kwetu mafundi baiskeli ni wengi lakini golori zao hazitakusaidia hapa, hizi ni beringi nzima ndogo, agiza Kariakoo au mtandaoni.

Ukishafanya yote hayo na bado unaona polepole, weka mota ya brashi yenye nguvu kidogo kuliko ile ya kwanza, uishie hapo. Na plagi nyeupe ya betri ukiikuta kingo zimekuwa kahawia ujue imeshapata moto, badilisha, plagi ya aina ya XT60 inatosha kabisa.

SWALI: Gari yangu inashtuka yenyewe. Nikiiweka mezani bila kuwasha mota sevo inatulia, nikikanyaga tu inaanza kukata kona hovyo, na ikifika mbali kidogo haisikii. Rimoti ni ya kwake ya zamani yenye antena ndefu. Fundi redio wa huku Chumbageni kasema risiva imekufa. (Mdau wa Chumbageni)

JIBU: Haijafa hiyo. Ingekuwa imekufa isingetulia pale mezani. Umesema mwenyewe kwamba inaanza mota ikizunguka, basi mshtakiwa ni mota. Brashi zikigusa komyuteta (shaba inayozunguka ndani ya mota) zinatoa cheche, na cheche ni redio tosha, inapiga kelele karibu kabisa na risiva yako. Angalia kwenye mota kama kuna vikapasita vitatu vidogo vya udongo, kimoja kinaunganisha miguu miwili ya mota na viwili vinatoka kila mguu kwenda kwenye bati la mota. Mara nyingi utakuta kimoja kimekatika au mtu alibadilisha mota akasahau kuvihamisha. Vinaandikwa 104, yaani mikrofaradi 0.1, hata huyo fundi redio wako anavyo kwenye droo. Kwangua bati kidogo kwa msasa kabla ya kulehemu, bila hivyo risasi haishiki.

La kutosikia mbali, uliza antena ya risiva kama kuna mtu aliikata ili ipendeze. Hizi rimoti zenye antena ndefu nyingi ni za megahezi 27, waya wa risiva una urefu wake, haukatwi wala haukunjwi fundo. Na kristali (kipande kinachopanga masafa) ya kwenye rimoti na ya kwenye risiva lazima ziwe jozi ya chaneli moja, zile zenye rangi, kwa mfano njano ni 27.145 na kahawia ni 26.995. Mkikutana wawili wote njano mtapigana.

Ukichoka na hayo yote nunua rimoti ya gigahezi 2.4 na risiva yake, antena ya risiva kawaida ni kijiwaya kifupi tu na hakuna kugombania chaneli. Ila angalia mpangilio wa waya tatu za sevo yako ya zamani kabla hujachomeka, kuna kampuni zilikuwa zinapanga tofauti na za leo, ukichomeka kichwa kichwa unaiunguza. Ile ndefu isafishe uiweke kabatini na boksi lake, siku ukiuza gari mnunuzi ataiulizia.

SWALI: Fundi, mume wangu ana hizo gari na anachaji betri chumbani usiku kucha, moja naona imevimba tumbo, yeye anasema ni kawaida. Ni kweli? (Mama wawili, Raskazone)

JIBU: Si kawaida dada yangu, na leo hii itoke chumbani. Hiyo ni lipo, ikivimba ndani kuna gesi na haichajiwi tena hata mara moja, ikishika moto haizimiki kirahisi na moshi wake ni mbaya. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mbali na watoto, isitobolewe, isiwe na kitu cha kuungua jirani.

Sasa shemeji asome hapa. Lipo ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4, hairuhusiwi kupita hapo, na isishuke chini ya volti 3 kwa kila seli. Kontrola nyingi za zamani zilitengenezwa wakati wa betri za nikeli, hazijui kukata umeme ikifika huko chini, ndo betri zinakufa na kuvimba. Chaja iwe ya lipo yenyewe yenye kubalansi (kusawazisha seli), ampea zisizidi ukubwa wa betri, yaani betri ya 3000 mAh unachaji kwa ampea 3, na mtu awe macho pembeni. Kama hawezi kukaa macho atumie nikeli metali ya volti 7.2, gari la zamani linaridhika nayo kabisa na ndo kitu lilichozaliwa nacho. Hata hiyo nayo asiichaji kitandani.

SWALI: Skrubu zangu vichwa vinaliwa hata nikitumia bisibisi mpya ya nyota. (Makorora)

JIBU: Bisibisi sio yake. Skrubu za Japani zina nyota ya vipimo vyao, inaitwa JIS, na nyota ya kawaida haikai mpaka chini, inapanda juu na kula kichwa. Waulize mafundi wa pikipiki za Kijapani, wanazo. Halafu ukirudisha skrubu kwenye plastiki zungusha kwanza kinyume taratibu mpaka uisikie imedondoka kidogo, tik, hapo imepata njia yake ya zamani, ndo ukaze. Ukikaza moja kwa moja inachimba njia mpya na siku chache tundu limekuwa pana. Na gundi ya kufungia nati usiweke kwenye plastiki, inaipasua.

SWALI: Nina bodi mbili, moja ya Grasshopper na moja ya Hornet, zote rangi imebabuka. Nimesikia petroli inatoa rangi vizuri. (Msomaji, Pangani)

JIBU: Weka petroli chini! Thina pia. Bodi ya Hornet ni polikaboneti, ile ya kuangaza inayopakwa rangi kwa ndani, petroli inaifanya ukungu na nyufa hapo hapo unaangalia. Ya Grasshopper ni plastiki ngumu ya ABS inayopakwa nje, hiyo nayo thina inaiyeyusha. Jaribu alkoholi ya isopropili kwenye kona isiyoonekana, ikikubali loweka, subiri, sugua na mswaki. Itachukua muda, kubali.

Polikaboneti ukiipaka tumia rangi iliyoandikwa ni ya polikaboneti, ya kawaida inabanduka kwenye ajali ya kwanza, na anza na rangi nyeusi nyeusi kwanza halafu nyeupe ya mwisho, kwa sababu unapaka ndani na watu wanaangalia kutoka nje. Nyufa ndogo zishikilie kwa ndani na kipande cha wavu wa plasta na gundi. Mimi binafsi kama stika za zamani bado zipo nusu ningeiosha tu nikaiacha, bodi yenye makovu yake inanipendeza kuliko iliyopigwa rangi ya mng'aro mpaka huijui, lakini hilo ni la moyoni.

SWALI: Nina Hotshot ya Tamiya ya 1985, imeshakamilika na inatembea vizuri. Jioni nataka niipeleke ufukweni, si ziliundwa kwa ajili ya mchanga? (Mdau, Mabawa)

JIBU: Mchanga ndiyo, chumvi hapana. Hata Sand Scorcher ya Tamiya ya 1979, ambayo jina lake lenyewe ni la mchangani, waliiwekea boksi lililofungwa kukinga redio, na bado beringi na skrubu zake zinashika kutu zikionja maji ya bahari. Sisi hapa Tanga hata kabatini kwenyewe upepo wa bahari unaleta kutu, sasa wewe unaipeleka ikaoge kabisa. Hotshot ina gia mbele na nyuma, vyumba viwili vya kuingia mchanga badala ya kimoja, na vipuri vyake kuvitafuta ni kazi.

Ichezee huko huko Mabawa kwenye udongo mkavu, uwanja wa mpira vijana wakishamaliza. Kama bahari imekushika moyo kweli nunua gari la pili la bei nafuu la kuchafua, na hata hilo ukirudi nyumbani lioshe kwa maji ya bomba, toa betri, lipulize likauke, tia mafuta kwenye kila beringi usiku huo huo, usiseme kesho.